Kutua Unguja kutoka Tabata: miwani ya VR na simuleta ya ndege

Nilirusha ndege za kuigiza kwenye skrini ya kompyuta kwa miaka kabla sijavaa miwani ya VR, ile inayofunika macho na kukuweka ndani ya picha, na miaka yote hiyo kuna jambo moja lililonishinda: kuutazama uwanja ulio ubavuni. Anayejifunza ndege ndogo huzunguka uwanja. Anapaa, anakata kona, anarudi sambamba na njia ya kurukia akiwa ameiweka kushoto kwake, na ile ncha atakayotua ikishabaki nyuma ya bega kwa nyuzi kama 45, anakata kona ya kuteremkia. Uamuzi huo hufanywa kwa shingo. Kwenye skrini ya inchi 24 ukigeuza shingo unaona ukuta na kalenda. Inabidi ubonyeze kile kitufe cha juu ya joistiki, picha iruke kushoto, ulione bawa, ukadirie, urudi mbele, na ukirudi unakuta pua imeshainuka na kasi imeshuka.

Kwa hiyo sikununua miwani kwa ajili ya maajabu ya uhalisia pepe. Nilikuwa nanunua shingo.

Kwanza rafiki aliniletea habari ya HP Reverb G2 iliyokwishatumika, bei ya kutupa. Kwa mtu wa simuleta ile ni miwani ya heshima, ina pikseli 2160 kwa 2160 kila jicho. Bei ndiyo iliyonitia shaka, nikaanza kuuliza. G2 inategemea Windows Mixed Reality, mfumo ambao Microsoft ilitangaza Desemba 2023 kwamba inauacha, na kwenye toleo la 24H2 la Windows 11 haumo tena. Mwenye nayo anaweza kung'ang'ania toleo la zamani, lakini kompyuta yangu ndiyo hiyo hiyo ninayofanyia kazi za stationari. Siwezi kuizuia masasisho kwa sababu ya starehe. Ukikuta G2 inauzwa rahisi, kabla ya kutoa pesa fungua Windows yako uangalie ni toleo gani.

Nikaangukia Meta Quest 3. Shemeji yangu anafanya kazi Muscat, akaja nayo alipokuja likizo, na nilimsihi aibebe mkononi badala ya kuitupia kwenye begi la kupakiwa.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Quest 3 ni kompyuta kamili yenye michezo yake, ila Microsoft Flight Simulator ninayoitumia haiendeshwi ndani yake. Ndege inachorwa na kompyuta ya mezani, picha inabanwa kama video, inasafirishwa kwa kebo au Wi-Fi, kisha miwani inaifungua na kukuonyesha. Ukilijua hilo unaacha kuhangaika ovyo. Picha ikianza kukwama, ama kompyuta imeelemewa na uchoraji, ama njia ya kusafirishia ndiyo nyembamba. Ni magonjwa mawili, na dawa ya hili haitibu lile. Kuna watu wameshusha mipangilio ya picha mpaka miti ikawa kama imekatwa kwa mkasi, kumbe shida ilikuwa rauta.

Mpwa wangu ndiye fundi wa nyumba. Alitaka tuanze na Wi-Fi.

"Mjomba, kebo ya nini zama hizi?"

Kwa nadharia alikuwa sahihi. Na tuseme wazi kabisa: kasi ya kifurushi chako cha intaneti haihusiki na safari ya picha kutoka kompyuta hadi miwani. Safari hiyo inaishia kwenye rauta ya ndani. Kinachotakiwa ni kompyuta iunganishwe na rauta kwa kebo ya mtandao, miwani iwe kwenye mawimbi ya gigahezi 5 au 6, na rauta iwe chumba kimoja na wewe. Kifurushi kinaliwa na kitu kingine, yaani simuleta yenyewe, ambayo inavuta ramani na picha za ardhi kutoka mtandaoni kadiri unavyoruka. Ukibanwa na data, zima hizo picha za mtandaoni kwenye mipangilio. Ardhi itakuwa ya kubuni, lakini utaruka.

Kwetu rauta iko sebuleni, nyuma ya ukuta wa tofali za bloku, na picha zilikuwa zinakatika vipande kila nikiinamisha kichwa. Tuliihamishia chumbani. Picha ikatulia, televisheni ya sebuleni ikakosa mtandao, na kwa kuwa ilikuwa saa ya tamthilia, rauta ikarudi sebuleni usiku ule ule. Tukanunua kebo.

Kebo nayo ina mambo yake. Nyingi zilizotundikwa madukani zina kichwa cha USB-C lakini ndani ni za kuchajia tu, data zinapitisha kwa kasi ya USB 2. Unayoitaka ni USB 3, ndefu kama mita tano, na programu ya Meta ya kwenye kompyuta ina kipimo cha kuijaribu. Ya kwanza ilifeli kipimo, muuzaji akaibadilisha bila maneno. Ichomeke kwenye tundu la nyuma ya kompyuta, si la mbele, na uizuie Windows isizime tundu hilo kwa kisingizio cha kubana umeme, maana inaweza kuikata miwani ukiwa futi mia tatu kutoka ardhini. Halafu usishangae betri ya miwani ikishuka polepole hata ikiwa imechomekwa: inakula umeme mwingi kuliko tundu linavyotoa. Kuna kebo zenye mlango wa pembeni wa kuingizia chaja. Kama unarusha zaidi ya saa mbili, chukua ya namna hiyo.

Jambo jingine dogo linalokula jioni za watu ni OpenXR. Huo ndio mfumo ambao simuleta inautumia kuongea na miwani, na Windows inakubali programu moja tu iushike kwa wakati mmoja. Ukiwa na SteamVR, ambayo nayo ni programu ya kuendeshea miwani, na programu ya Meta kwenye kompyuta moja, hakikisha iliyoshika ni ile unayoikusudia. Ukikosea utaona miwani inawaka vizuri, ukumbi wake unaonekana, lakini ukibonyeza Ctrl na Tab ndani ya simuleta hakuna kinachotokea.

Sasa kuivaa. Hakuna mpangilio wa kompyuta utakaorekebisha miwani iliyokaa vibaya usoni. Umbali kati ya mboni za macho hutofautiana mtu na mtu. Kwa watu wazima wastani ni kama milimita 63. Quest 3 ina kigurudumu chini yake cha kusogeza lenzi zilingane na umbali huo, ukikizungusha namba inaonekana ndani. Mimi namba yangu nilikuwa nayo tayari kwenye karatasi ya daktari wa macho. Asiyekuwa nayo asimame mbele ya kioo na rula, au amwombe mtu ampimie huku akitazama mbali. Mke wangu akiivaa ikiwa kwenye namba yangu anasema maandishi yana vivuli. Akiizungushia kwake, mimi ndiye ninayelalamika. Kwa hiyo kila mmoja anajua namba yake.

Anayevaa miwani ya kawaida aangalie lenzi za kioo zisikwaruzane na lenzi za ndani. Kuna lenzi za kupachika zinazotengenezwa kwa vipimo vyako, ghali kidogo, na bado ni nafuu kuliko kukwaruza zile za ndani ambazo hazibadilishwi.

Na jua. Hili kwa sisi wa Dar naliandika kwa herufi nzito moyoni. Lenzi za VR hukusanya mwanga wa jua na kuumulika kwenye skrini iliyo nyuma yake, na dakika chache zinatosha kuacha doa lisilofutika. Usiiache dirishani, usiiache kwenye kiti cha gari, usiitoe kibarazani kumwonyesha jirani huku lenzi zikitazama juu. Ya kwangu ikivuliwa inavikwa kitambaa na kurudi kwenye boksi lake.

Tuje kwenye fremu, yaani zile picha zinazochorwa kila sekunde, maana hapa ndipo wengi wanapoachia njiani. Nimeiweka miwani kwenye hezi 72, ina maana inataka picha 72 kila sekunde. Kompyuta inapata chini ya milisekunde 14 kuchora picha moja, na inachora kwa macho mawili. Kadi yangu ya grafiki ni RTX 3070 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8. Haiwezi kufikia huko kwa simuleta hii, na sijaona sababu ya kuilazimisha. Kwenye skrini ya kawaida mtu anaridhika na fremu 30 na hata zikipanda na kushuka hajali. Ndani ya miwani kupanda na kushuka huko ndiko kunakougeuza utumbo. Fremu 36 zisizoyumba ni bora mara kumi kuliko 50 zinazocheza. Kwa hiyo nimezifungia hapo, nusu kamili ya 72, na programu ya miwani inatengeneza yenyewe picha za katikati kujaza pengo. Gharama yake utaiona kwenye pangaboi la ndege: kingo zake zinatetemeka kama zimepitiwa na maji. Unalizoea.

Ukishajua unatafuta utulivu, kazi inakuwa nyepesi. Simuleta ina hali ya wasanidi ambayo ukiiwasha inakuonyesha kidirisha cha fremu na kukuambia nani anachelewesha, prosesa au kadi ya grafiki. Usipoangalia hapo unapapasa gizani. Prosesa ikielemewa, punguza magari, ndege nyingine na undani wa ardhi ya mbali. Kadi ikielemewa, punguza mawingu, vivuli na ukubwa wa picha. Na kumbuka mipangilio ya VR iko kwenye ukurasa wake peke yake. Unaweza kuhangaika nusu saa na ule wa skrini ya kawaida, ukivaa miwani ukute hakuna kilichobadilika.

Nilichofanya mimi ni kushusha kila kitu chini kabisa, nikahakikisha 36 zinashikilia, ndipo nikapandisha kimoja kimoja. Kila jaribio uwanja uleule, saa ileile, hali ya hewa ileile. Ukijaribu asubuhi Mafia kwenye anga tupu, halafu jioni juu ya London yenye majengo yote, utajidanganya. Nilianza kupandisha kile kilicho karibu na macho: usomekaji wa dashibodi. Mawingu yamebaki ya kati, vivuli vya chini, magari barabarani nimeyafuta yote. Nani anahesabu daladala akiwa futi elfu mbili?

Kuna ujanja wa kadi kuchora picha ndogo kisha kuikuza, na unaokoa fremu nyingi sana. Ubaya wake ni kwamba namba zinazobadilika haraka kwenye skrini za kisasa za ndege zinaacha mkia nyuma yake. Ndiyo maana naipenda zaidi ile ndege ndogo ya Cessna 172 yenye saa za mishale: mshale hata ukififia kidogo unajua umeelekea wapi.

Mikono ni habari nyingine. Ukishavaa miwani huoni kibodi, huoni joistiki, huoni kikombe cha chai. Hili sikuliona likisemwa vya kutosha, na ndilo lililobadilisha chumba changu kuliko yote. Joistiki na kishikio cha kasi nimevifunga mezani kwa zile tepu za kunata zenye manyoya, visisogee hata kidogo, kwa sababu mkono unakumbuka mahali. Kisha nikachukua shanga kutoka kwenye kikebe cha ushonaji cha mke wangu, nikabandika moja kwa gundi kwenye kitufe cha flapu, vile vibawa vya nyuma ya bawa, na mbili kwenye kitufe cha breki. Kidole kikigusa shanga moja kinajua, kikigusa mbili kinajua. Kitufe cha tatu ninachokitafuta kila mara ni cha kurekebisha mkao. Kwenye kibodi ni ule upau wa nafasi. Unakaa vizuri, unatazama mbele, unabonyeza, na kiti cha rubani kinahamia pale kilipo kichwa chako. Nimekihamishia kwenye joistiki, chini ya kidole gumba. Bila hivyo, kila ukijinyoosha unajikuta umekaa juu ya dashibodi au kichwa kimetoboa paa.

Kiti nacho kisiwe cha magurudumu. Ukikanyaga pedali kinarudi nyuma, unazifuata, kebo inavutika, na mtu anaingia chumbani kuuliza kulikoni.

"Baba Zuhura, unaongea na nani?"

"Na mnara wa kuongozea ndege."

Alifunga mlango taratibu. Tangu siku hiyo akitaka kuniita ananigusa bega kwanza, na hilo nalo ni la kukubaliana nyumbani mapema, kwa sababu kuguswa ghafla ukiwa angani ni shtuko la aina yake. Quest 3 inakuruhusu kuona chumba chako kupitia kamera zake ukigonga ubavu wa miwani mara mbili. Hiyo ndiyo njia yangu ya kutafuta chai.

Kichefuchefu sasa. Macho yanauambia ubongo kwamba mwili unainama, masikio ya ndani yanasema umekaa kwenye kiti Tabata, na ubongo unachukia ushahidi unaopingana. Wapo wasioathirika kabisa; mpwa wangu alirusha helikopta siku ya kwanza na akala ugali baada ya hapo. Mimi si wa kundi hilo. Ushauri ninaoupinga kwa nguvu ni ule wa kujikaza. Ukihisi mate yanajaa mdomoni au joto linapanda shingoni, vua hapo hapo, hata kama uko karibu kutua. Ukijikaza, mwili unajifunza kwamba miwani ni ugonjwa, na kesho unaanza kuumwa kabla hujapaa. Ukiacha mapema, siku hadi siku muda unaongezeka wenyewe.

Vilivyonisaidia ni vya kawaida. Tangawizi kabla ya kuruka. Anga tulivu, bila upepo wa kurushwarushwa. Kuzima mtikisiko wa kamera. Kupaa moja kwa moja kutoka kwenye njia, bila kuzungukazunguka chini uwanjani, kwa sababu kona za polepole ardhini zinaumiza kuliko za angani. Na feni ya mezani iliyoelekezwa usoni. Feni inakausha jasho na kuzuia ukungu kwenye lenzi, sawa, lakini inafanya na jambo lingine: upepo ukitoka upande mmoja daima, mwili unajua mbele ni wapi hata macho yakiambiwa vingine. Umeme ukikatika, feni inazima, miwani inabaki na betri yake, kompyuta inalia kwenye UPS, ile betri ya akiba. Hapo unavua tu. UPS yangu ni ya kunipa nafasi ya kuzima kompyuta kistaarabu, si ya kumalizia safari.

Na shingo niliyoinunua? Niliipata. Dar hadi Unguja kwa ndege ndogo ni safari ya dakika ishirini hivi, na naipenda njia ya kurukia namba 36, ile ya kuingilia kutoka kusini. Kisiwa cha Chumbe kinabaki kushoto, rasi ya Fumba kulia, na mbele njia ya kurukia inaanza kama uzi. Kwenye skrini nilikuwa natua kwa kusoma namba: kasi ya noti 65, futi mia, futi hamsini, vuta. Nilikuwa navuta mapema, ndege inaelea, inadondoka. Ndani ya miwani kuna kina. Ninapokaribia ardhi naacha kuitazama mahali nitakapogusa, nainua macho hadi mwisho wa njia kama wanavyofundishwa marubani, na kingo za lami zinaanza kupanda pande zote mbili za jicho. Zikifika usawa fulani mkono unavuta wenyewe. Siwezi kukuandikia ni usawa gani. Mkono unaujua.

Eneo la kuona bado ni dogo kuliko macho ya kawaida, kama umevaa kioo cha mzamiaji, na hivyo inabidi ugeuze kichwa kwa vitu ambavyo kwenye ndege ya kweli ungeviona kwa pembe ya jicho. Sioni kuwa hasara. Rubani mzuri anageuza kichwa.

Lakini si kila safari ni ya miwani. Quest 3 ina gramu 515, nyingi zikiwa mbele ya uso, na kamba laini inayokuja nayo haitoshi. Nimenunua ngumu yenye betri kisogoni ili uzito ugawanyike. Hata hivyo, kwa ndege kubwa ya abiria kutoka Dar hadi Dubai, yenye orodha za ukaguzi, namba za kuingiza kwenye kompyuta ya ndege na saa nyingi za kutazama mawingu, narudi kwenye skrini na chai yangu. Anayerusha Boeing peke yake anieleze anataka miwani ya nini. Pesa hiyo bora anunue pedali nzuri.

Wageni ndio kazi. Kila anayekuja nyumbani anataka kujaribu, na wote wanataka kuanza na kutua, tena kwa ndege ya kivita. Siku hizi nina utaratibu: nafuta sponji ya usoni, nauliza kama wamekula, nawapandisha Cessna ikiwa tayari iko angani karibu na Kilimanjaro, anga jeupe, mikono mapajani, na mimi ndiye ninayeshika joistiki. Wakitaka kugeuza ndege kichwa chini nawaambia tutafanya wakija tena. Ndoo iko pembeni, nyuma ya mlango, wasiione.